Kutembea Kraków na mwongoza watalii: panga hivi, na usiache kuvuka mto

Sa hivi watu wetu walioko Ulaya ni wengi, kuna wanafunzi Warsaw, Lublin na Wrocław, kuna ndugu wa Ujerumani na Uingereza ambao wakipata wikiendi wanatafuta ndege ya bei chee, na Kraków inaingia sana kwenye hizo ofa. Wanafika, wanapiga picha kwenye ule uwanja mkubwa, wanakula, wanarudi, ukiwauliza wanakwambia mji mzuri, majengo ya kizamani, basi. Kumbe mji huo ndio ulikuwa makao ya wafalme wa Polandi kwa karne kadhaa kabla ya mambo kuhamia Warsaw, una chuo kikuu cha tangu 1364, ulikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, na mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo wanapopigia picha ndipo Wanazi walipowafungia Wayahudi kwa maelfu kabla ya kwenda kuwaua. Ukuta haukwambii hayo. Inabidi apatikane mtu wa kukutembeza na kukueleza, na inabidi uipange vizuri, maana ukiipanga vibaya unakuta siku imeisha uko kwenye foleni ya tiketi.

Hatua ya 1: Tenga siku mbili

Siku ya kwanza mji mkongwe na kilima cha Wawel. Siku ya pili Kazimierz, yaani mtaa wa Wayahudi wa zamani, halafu unavuka mto kwenda Podgórze, kule Wanazi walikowafungia Wayahudi. Kila ziara inachukua kama saa mbili hadi mbili na nusu za kutembea na kusimama, kwa hiyo ukizibana zote siku moja, ile ya pili utaisikiliza miguu ikiwaka moto, na kwangu mimi ile ya pili ndiyo yenye uzito zaidi.

Kama unakuja wikiendi weka Jumamosi mji mkongwe, Jumapili Kazimierz, usigeuze. Jumamosi ni Sabato, sinagogi nyingi zinafungwa na utaishia kuangalia milango, na Jumapili asubuhi kanisa kuu la Wawel liko na misa, watalii wanasubiri. Afu ujue Polandi Jumapili nyingi maduka makubwa yanafungwa kwa sheria, vinavyobaki wazi ni vijiduka vidogo na migahawa, hivyo kama unahitaji kitu cha maana kinunue Jumamosi.

Msimu nao uangalie. Mwezi wa tano, wa sita na wa tisa ni raha. Wa saba na wa nane watu ni wengi mno hadi sauti ya mwongozaji inapotea. Desemba kuna soko la Krismasi pale uwanjani na linapendeza kweli, ila jua linazama kabla ya saa kumi jioni na baridi inashuka chini ya sifuri, chukua ziara ya asubuhi.

Hatua ya 2: Chagua ziara na ubuku mapema

Zipo aina tatu. Ya kwanza wanaiita ya bure, hulipi kiingilio ila mwisho unampa mwongozaji tipu, na hiyo tipu ndiyo mshahara wake, kwa hiyo usiichukulie kama sadaka. Ya pili ni ya kulipia kabla, kikundi kidogo. Ya tatu unamkodi mtu wako peke yako, ambayo mkiwa familia au marafiki watano sita mkichanga mnaweza kuona bei sio mbaya na mnauliza mpaka mchoke.

Kitu ambacho watu hawajui, Polandi walilegeza sheria ya waongoza watalii wa mijini, leseni sio lazima tena. Yaani mtu yeyote anaweza kushika mwavuli akaanza kutembeza watu. Wengi ni wazuri sana, wamesoma historia na wanaipenda kazi, ila soma maoni ya waliotangulia, na usisome nyota tu, soma wanasema nini. Ukiona watu wanasifia "alituchekesha" na hakuna anayetaja alichojifunza, tafuta mwingine. Ziara za Kiingereza zipo kila siku, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania pia zipo.

Na tafadhali angalia saa. Ukiona 10:00 ni saa nne asubuhi, saa za huko. Kiangazi Polandi iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja, wakati wa baridi iko nyuma kwa saa mbili. Simu ikiwa bado inasoma saa za nyumbani unachanganyikiwa kirahisi.

Viza ni ya Schengen. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen unaingia nacho kwa matembezi mafupi, ila beba pasipoti na kibali chenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi ukikutana na ukaguzi kwenye basi.

Hatua ya 3: Viatu, hela na choo

Mji mkongwe umetandikwa mawe. Raba yenye soli nene au buti, visigino virefu acha hotelini. Wakati wa baridi kusimama ndiko kunakoumiza kuliko kutembea, maana kwenye kila kituo mnasimama dakika kumi, miguu inaganda, kwa hiyo vaa soksi nzito na koti la kukinga upepo.

Hela yao ni zloti, euro hawatumii. Kadi inapokelewa karibu kila mahali ila tipu na choo vinataka keshi. Ukitoa kwenye ATM mashine ikikuuliza kama unataka ikubadilishie kwa hela ya nchi yako, kataa, chagua zloti, kile kiwango cha mashine kinakula pesa nyingi. Vyoo vingi vya mjini ni vya kulipia, weka sarafu mfukoni. Na kwenye milango ya vyoo mara nyingi hakuna picha ya mtu: duara ni wanawake, pembetatu ni wanaume. Lishike hilo kabla hujabanwa.

Taa nyekundu ya wapita njia usivuke hata kama gari hamna, polisi wanaandika faini na hawajali kama wewe mgeni. Na ile njia ya baiskeli usisimame juu yake kusikiliza maelezo.

Hatua ya 4: Fika mapema, simama mbele

Kutoka uwanja wa ndege wa Balice kuna treni, kama dakika ishirini uko Kraków Główny, kituo kikuu cha treni, na kutoka hapo mji mkongwe ni kutembea tu. Ziara nyingi za mji mkongwe zinaanzia Barbakan, ile ngome ya lango la kaskazini, au mbele ya kanisa la Mariacki. Wahi dakika kumi na tano, tafuta mwavuli au bango, jitambulishe, sema umetoka wapi.

Hili la kusema umetoka wapi lina faida. Kama umetoka Tanzania mwambie mwongozaji neno Tengeru. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kupelekwa Siberia na Kazakhstan walipoachiwa, maelfu yao, wengi wanawake na watoto, walipitishwa Iran mpaka Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, watu kama 5,000, na makaburi yao yapo mpaka leo yanatunzwa. Uganda walikuwa Masindi na Koja. Wapolandi wengine wanaijua habari hii kupitia bibi zao, wengine hawajawahi kuisikia, lakini ukiitaja unaacha kuwa mgeni wa kawaida kwenye kile kikundi na maswali yako yanajibiwa kwa moyo.

Kwenye kutembea kaa karibu na mwongozaji, wanaobaki nyuma wanasikia nusu. Na kama Kiingereza chake kinakimbia mwambie apunguze, hawachukii.

Hatua ya 5: Njia yenyewe ya siku ya kwanza

Barbakan ni ile ngome ya mviringo ya matofali, imejengwa mwaka 1498 na 1499 kulinda lango la kaskazini. Mji mzima ulikuwa na ukuta, mwanzoni mwa karne ya 19 wakaubomoa, mahali pake wakapanda miti na kutengeneza bustani inayoitwa Planty inayozunguka mji mkongwe wote, kama kilometa 4. Kipande hiki cha ukuta na lango la Floriańska vilipona kwa sababu profesa mmoja, Feliks Radwański, alivitetea visibomolewe. Muulize mwongozaji akuonyeshe ukuta ulipopita, afu jioni uzunguke Planty mwenyewe, ni bure na unaelewa mji ulivyokuwa mdogo.

Mnashuka mtaa wa Floriańska mnatokea Rynek Główny. Uwanja huu ulipimwa mwaka 1257, kila upande kama mita 200, na hapo ndipo watu wanapotawanyika kupiga picha. Subiri. Kwanza panga uwe hapo saa kamili, saa yoyote. Juu ya mnara mrefu wa Mariacki, mita 81, dirisha linafunguka na mpiga tarumbeta anatokea. Ni askari wa zimamoto, hiyo ni kazi ya zamu, usiku na mchana. Anapiga wimbo mfupi kuelekea pande nne, na kila mara unakatika ghafla katikati, kama mtu aliyeminywa koo. Hekaya inasema Watatari walipovamia mwaka 1241 mlinzi alipiga tarumbeta kuamsha mji akachomwa mshale wa koo kabla hajamaliza. Uvamizi wa 1241 ni wa kweli, ya mshale ni simulizi tu, lakini simama usikilize jinsi uwanja wenye mamia ya watu unavyonyamaza kidogo pale sauti inapokatika. Ya saa sita mchana inarushwa na redio ya taifa tangu 1927. Akimaliza mpungie mkono, na yeye anapunga.

Ndani ya Mariacki kuna madhabahu ya mbao ya Wit Stwosz, mchongaji aliyetoka Nuremberg akaifanyia kazi kuanzia 1477 hadi 1489. Wanazi waliibeba wakaipeleka Ujerumani, ikarudishwa 1946. Watalii wanaingia mlango wa pembeni na wanalipa, mlango wa mbele ni wa wanaokuja kusali. Ziara nyingi haziingii ndani, kwa hiyo rudi mwenyewe baadaye. Nenda karibu uangalie mikono ya wale mitume, mishipa imetokeza, kucha zimekatika, mikono ya watu wa kazi kabisa.

Katikati ya uwanja ni Sukiennice, jengo refu la biashara ya vitambaa tangu zamani. Kwenye moja ya njia za kupitia ndani kuna kisu cha chuma kinaning'inia ukutani, watu wanapita chini yake hawakioni. Wanasema minara miwili ya Mariacki ilijengwa na ndugu wawili na mmoja akamuua mwenzake kwa wivu wa mnara, wengine wanasema kisu kiliwekwa kuwaonya wezi. Mwongozaji asipokionyesha muulize.

Kutoka hapo mnaenda Collegium Maius, jengo kongwe la chuo kikuu. Mfalme Kazimierz Wielki ndiye aliyekianzisha 1364, kikayumba, kikafufuliwa kwa vito vya Jadwiga, binti aliyetawazwa mwaka 1384 akiwa na miaka kumi tu hivi, na waliomtawaza walimwita mfalme kabisa. Alipofariki 1399 mali yake ya thamani iliachiwa chuo. Copernicus, yule mwanaastronomia, alisoma hapa kuanzia 1491. Na karibu hapo, tarehe 6 Novemba 1939, Wajerumani waliwaita maprofesa kwa kisingizio cha kusikiliza mhadhara, wakawakamata zaidi ya 180 na kuwapeleka kambini Sachsenhausen. Sehemu hii waongozaji wengine wanaipitia mbio. Mwombe aeleze taratibu.

Mkipita mtaa wa Franciszkańska kuna dirisha lenye picha ya Papa Yohane Paulo II juu ya mlango. Karol Wojtyła alikuwa askofu mkuu hapa tangu 1964 mpaka alipochaguliwa papa 1978, na akirudi Kraków alikuwa anasimama dirishani hapo kuongea na vijana usiku. Huyu ndiye aliyekuja Nairobi 1980 na Tanzania, Burundi na Rwanda 1990, wazazi wetu wengi walisimama juani kumsubiri, kwa hiyo hapo una cha kumpigia mama simu ya video.

Mwisho wa ziara ni Wawel. Kupanda kilimani na kuingia ua wa kasri ni bure, vyumba vya ndani ni vya tiketi na kiangazi zinaisha, kata mtandaoni. Ndani ya kanisa kuu wamezikwa wafalme, Jadwiga yupo, na juu kuna kengele ya Zygmunt iliyosubiwa 1520, zaidi ya tani 12, inapigwa siku kubwa tu. Chini ya kilima kando ya mto Wisła kuna sanamu ya joka inayotema moto wa kweli kila baada ya dakika chache, kama una watoto anzia hapo maana hawatakusikiliza mpaka waione.

Hatua ya 6: Kula

Mkokoteni wenye obwarzanek uko kila kona, ni mkate wa duara wenye chumvi, ufuta au mbegu za popi, zloti chache tu. Ule asubuhi, jioni unakuwa mgumu. Chakula cha kushiba kwa bei ndogo tafuta bar mleczny, ni kama mama ntilie wa kwao, unachagua, unalipa, unabeba sahani yako.

Waislamu muwe makini kidogo, nguruwe yuko kwenye vitu ambavyo humtegemei, supu ya żurek ina soseji, na mkate unaweza kuletwa na mafuta yake ya kupaka. Pierogi ruskie ni vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini, havina nyama, ila juu wanaweza kumwagia vipande vya mafuta vilivyokaangwa, sema "bez skwarek". Kazimierz pale Plac Nowy kuna zapiekanka, mkate mrefu wenye uyoga na jibini umechomwa, ile ya kawaida haina nyama.

Hatua ya 7: Siku ya pili, vuka mto

Kazimierz ulianzishwa 1335 kama mji unaojitegemea wenye ukuta wake, na kuanzia 1495 Wayahudi wa Kraków walihamishiwa huko kwa amri ya mfalme. Kabla ya vita walikuwa zaidi ya watu 60,000, karibu robo ya mji wote. Ziara inaanzia mtaa wa Szeroka mara nyingi. Mkiingia makaburi ya Wayahudi ya Remuh wanaume wanafunika kichwa, kofia yako ya kawaida inatosha. Kuna ukuta pale ndani umejengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa, ukisogea unaona nusu ya jina, nusu ya ua lililochongwa, mkono mmoja wa baraka, vimepangwa na saruji kwa sababu haikujulikana tena kipande kipi kinalala juu ya nani. Usipite haraka hapo.

Halafu wengi wanaacha. Wanabaki Plac Nowy kula, maana ziara nyingine zinaishia huko huko. Kabla hujabuku hakikisha imeandikwa Podgórze, na kama haijaandikwa tafuta nyingine. Mnavuka daraja la waenda kwa miguu la Bernatka, mnafika eneo la geto, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta wa kuwafungia Wayahudi. Machi 1941 Wajerumani waliwahamishia hapa Wayahudi zaidi ya 15,000, mahali palipokuwa na wakazi kama 3,000. Tarehe 13 na 14 Machi 1943 wakalifuta: wenye nguvu wakapelekwa kambi ya Płaszów, wengine wakauawa hapo hapo mitaani au kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz.

Plac Bohaterów Getta ni uwanja wazi una safu za viti vikubwa vya chuma, vitupu, vimetazama upande mmoja. Viti kwa sababu watu walipohamishwa vyombo vyao vya nyumbani vilibaki vimetupwa uwanjani. Kuna kituo cha tramu hapo hapo, watu wanashuka na mifuko ya sokoni wanapita katikati ya viti. Ombi langu, usikae kwenye kiti kupiga selfi. Pembeni ni duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi asiye Myahudi aliyeachiwa kuendesha biashara yake ndani ya geto, akawa anatoa dawa, anaficha watu, anapitisha barua. Sasa ni makumbusho madogo, droo za dawa unazivuta mwenyewe unakuta barua na picha ndani. Mtaa wa Lwowska kuna kipande cha ukuta wa geto kimebaki, juu kimeviringwa kama mawe ya makaburi, na kilijengwa hivyo makusudi.

Kiwanda cha Oskar Schindler, aliyeokoa Wayahudi kama 1,200, kiko Lipowa 4, ni makumbusho ya maisha ya Kraków chini ya Wanazi. Ziara ya kutembea inaishia nje tu. Tiketi za ndani zinaisha siku kadhaa kabla, kata mtandaoni, uipange masaa mawili baada ya ziara kuisha ili upate kula na kukaa kidogo kwanza.

Hatua ya 8: Tipu na kurudi

Mimi kwa ziara nzuri ya saa mbili na nusu naona zloti 50 kwa mtu mmoja ni heshima. Mwanafunzi akitoa 30 haimwaibishi mtu. Mpe mkononi, mwambie nini kimekugusa, afu mwandikie maoni mtandaoni kwa jina lake, hiyo inamletea wateja wa kesho.

Kurudi chukua tramu, tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine ukipanda tu, wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na faini ni kubwa.

Kama unataka kwenda Auschwitz ni kama kilometa 70, mpe siku yake ya tatu peke yake. Kuingia bila mwongozaji ni bure ila tiketi inakatwa mapema na inakuwa na jina lako, kwa hiyo andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti na pasipoti hiyo hiyo uibebe siku ya kwenda.